Mke Aliyezishona Barua

Mwaka 2002 mwongozaji wa Marekani, Neil LaBute, alitoa filamu iitwayo Possession. Ilitokana na riwaya ya A. S. Byatt yenye jina hilohilo, ambayo mwaka 1990 ilimpatia mwandishi huyo Mwingereza Tuzo ya Booker. Mtafiti kijana, Roland Michell, anayeigizwa na Aaron Eckhart, anafungua kitabu cha kale katika maktaba ya London na kukuta ndani yake rasimu za barua za Randolph Henry Ash, mshairi mashuhuri wa zama za Malkia Victoria. Ash anajulikana kwa wasomi wote kuwa mume mwaminifu, lakini mwanamke anayeandikiwa si mkewe. Roland anazichukua rasimu hizo kimyakimya, anamwendea Maud Bailey, mtaalamu wa tungo za mshairi Christabel LaMotte, anayeigizwa na Gwyneth Paltrow, na wawili hao wanaanza kufuata nyayo za penzi lililofichwa kwa zaidi ya miaka 100. Kadiri wanavyozidi kuwajua wafu, ndivyo wenyewe wanavyozidi kupendana. Ash na LaMotte ni watu wa kubuni, na mashairi yanayosomwa kwa jina lao Byatt aliyatunga mwenyewe. Hata hivyo kisa kizima kimejengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli kwa waandishi wa karne ya 19 na kwa wasomi waliowafuatia, na ndiyo maana kinafaa kupimwa kwa mizani ya historia.

Kwa mizani hiyo, filamu inapungua mahali pamoja. Inatufanya tumshangilie mvumbuzi: kijana mwerevu, bibi msomi, kidokezo ndani ya shairi, barua zilizofichwa kwenye kitanda cha mwanasesere, kaburi linalofukuliwa usiku wa dhoruba. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba siri za waandishi hukaa mahali zikingoja mtu mwenye akili azifikie. Ukweli ni kwamba karatasi haikai yenyewe. Kati ya mkono ulioandika barua na macho ya msomi aliyeisoma miaka 70 baadaye, kwa kawaida yupo mtu wa tatu, ambaye aliishika barua hiyo huku moto ukiwaka karibu naye na akiwa na sababu nzuri ya kuitupa humo, na hakuitupa. Tunachokijua kuhusu maisha ya ndani ya waandishi wakubwa kimetegemea uamuzi wa mtu huyo kuliko werevu wa msomi yeyote. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke, na mara nyingine alikuwa ndiye aliyeumizwa na siri yenyewe. Historia ya fasihi haijamlipa deni lake.

Ushahidi mzito wa hoja hii unatoka Brussels. Februari 1842, Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa kijiji cha Haworth kaskazini mwa Uingereza, alifika katika mji huo pamoja na mdogo wake Emily. Charlotte alikuwa na umri wa miaka 25. Nia yao ilikuwa kujifunza Kifaransa vizuri ili baadaye wafungue shule yao wenyewe. Walipokelewa katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa mtaa wa Isabelle, chini ya mwalimu mkuu aliyeitwa Zoë Heger. Mumewe, Constantin Heger, aliyezaliwa mwaka 1809, alifundisha fasihi hapo na katika shule ya wavulana iliyokuwa jirani. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, na alijua kufundisha uandishi kuliko mtu yeyote ambaye Charlotte alikuwa amekutana naye. Aliwapa wasichana hao maandishi ya waandishi wakubwa wa Ufaransa, akawataka wayachambue kisha waandike yao kwa kufuata mfano, na insha zao alizirudisha zikiwa zimejaa masahihisho. Kwa mwanamke aliyekuwa ameandika tangu utotoni karibu bila kupata msomaji nje ya familia yake, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumchukulia kama mwandishi.

Mwishoni mwa mwaka huo shangazi aliyewalea alifariki, na mabinti wakarudi nyumbani. Januari 1843 Charlotte alirejea Brussels peke yake, safari hii akiwa mwanafunzi na pia mwalimu wa Kiingereza. Mwaka huo ulikuwa mchungu. Bi. Heger, aliyekuwa na watoto wadogo na shule ya kulinda, alianza kujitenga naye, na mwalimu mwenyewe alionekana kwa nadra. Wakati wa likizo ndefu ya Septemba, Charlotte aliachwa karibu peke yake katika jengo tupu. Binti huyo wa kasisi wa Kiprotestanti akaingia katika kanisa kuu la Mtakatifu Gudula, akapiga magoti mbele ya padri wa Kikatoliki na kuungama. Alimwandikia Emily kuhusu tukio hilo, akimwomba baba yao asiambiwe. Mwanzoni mwa Januari 1844 aliondoka Brussels, asirudi tena.

Kisha zikaanza barua. Zilizosalia ni 4, zote za kwenda kwa Constantin Heger: mbili za mwaka 1844, za Julai na Oktoba, na mbili za mwaka 1845, za Januari na Novemba. Ziliandikwa kwa Kifaransa, isipokuwa nyongeza fupi ya Kiingereza mwishoni mwa ile ya mwisho. Katika ile ya Julai 1844 Charlotte anamwambia mwalimu wake kwamba, kama macho yake yasingekuwa dhaifu, angeandika kitabu na kumtunukia yeye. Zinazofuata hazina tena utulivu huo. Anasema hapati usingizi. Anajilinganisha na maskini anayeridhika na makombo yaliyoanguka mezani pa tajiri. Analalamika kwamba amesubiri miezi 6 kwa sababu ndiyo mipaka aliyowekewa ya kuandika, na kwamba kila siku ya kungoja posta bila jibu inamdhoofisha. Hakuna kosa la ndoa lililotendeka hapa, na hakuna ombi la kutoroka. Kuna mwanamke mwenye kipaji kikubwa ambaye amempenda mtu asiyeweza kumpenda, naye anajaribu kuliita penzi hilo kwa jina la heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, bila kufanikiwa.

Heger alizisoma, akachana tatu kati yake na kuzitupa. Kwenye pambizo ya moja ya barua alizopokea aliandika kwa penseli jina na anwani ya fundi viatu. Kwa upande wake hadithi ingeishia hapo. Ila mkewe aliviokota vipande kutoka kapu la takataka, akavipanga upya na kuviunganisha, kwingine kwa gundi na vijikaratasi, kwingine kwa sindano na uzi, kisha akazificha barua hizo ndani ya sanduku lake la vito. Zilikaa humo kwa miongo kadhaa. Zoë Heger alifariki mwaka 1890. Kwa maelezo ya familia, binti yao Louise, ambaye mama yake alikuwa amemwonyesha siri hiyo, alizikabidhi kwa baba yake, naye mzee akazitupa tena. Louise akaziokota kama mama yake alivyofanya. Heger alifariki mwaka 1896. Mwaka 1913 watoto wa Heger, wakiwakilishwa na mmoja wao, Paul, walizitoa barua zote 4 kama zawadi kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, na tarehe 29 Julai mwaka huo gazeti la The Times likazichapisha mbele ya dunia nzima.

Kabla ya siku hiyo werevu wa wasomi haukuwa umefikia popote pa uhakika. Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya na rafiki wa Charlotte, alipoanza kuandika wasifu wake baada ya kifo cha Charlotte mwaka 1855, alisafiri hadi Brussels. Bi. Heger alikataa kumpokea. Bwana Heger alimpokea na kumpa sehemu alizozichagua kutoka kwenye barua. Gaskell alielewa alichokuwa ameshika. Kitabu chake cha mwaka 1857 kikachukua vipande visivyo na hatari, na huzuni kubwa ya Charlotte ya miaka 1844 na 1845 kikaieleza kwa ulevi na aibu za kaka yake, Branwell. Maelezo hayo hayakuwa uongo mtupu, kwa kuwa Branwell kweli alikuwa akiangamia, lakini yalisimama mahali pa ukweli mwingine na kuuziba. Kwa zaidi ya miaka 50 wasomaji waliamini kwamba Charlotte aliumia kwa ajili ya kaka. Mwaka 1912 mwandishi May Sinclair alichapisha kitabu kuhusu familia ya Brontë kilichopinga kwa nguvu wazo kwamba Charlotte alimpenda mwalimu wake. Hoja zake zilikuwa za mtu aliyesoma sana na kufikiri kwa makini. Mwaka uliofuata zilianguka zote mbele ya kurasa chache zilizoshonwa kwa uzi.

Barua hizo zilibadili pia namna ya kuzisoma riwaya zenyewe. Villette, iliyotoka mwaka 1853, inasimulia maisha ya Lucy Snowe, Mwingereza mpweke anayefundisha katika shule ya wasichana kwenye mji unaofanana sana na Brussels. Lucy anaungama kwa padri wa Kikatoliki wakati wa likizo ya upweke, na anampenda mwalimu mkali wa fasihi, Paul Emanuel. Mwenye shule, Bi. Beck, hutembea usiku kwa viatu visivyo na sauti, hufungua saraka za walimu wake na kusoma barua zao. Lucy anapoona barua zake haziko salama, anazitia ndani ya chupa, anaiziba, na kuizika chini ya mzizi wa mti wa kale bustanini. Baada ya mwaka 1913 msomaji anaiona shughuli hiyo ya maziko kwa jicho jipya: mwandishi aliyezoea kungoja majibu ambayo hayakuja anampa mhusika wake nafasi ya kuyazika matumaini kwa mikono yake mwenyewe. Wakati Charlotte akimchora mwanamke anayepekua barua ili kuwadhuru wengine, mwanamke halisi aliyempa sura mhusika huyo alikuwa na barua za Charlotte ndani ya sanduku lake, akizilinda dhidi ya kupotea. Bi. Beck amedumu katika fasihi kama jasusi. Bila Bi. Heger tusingejua Villette imetoka kwenye maumivu gani.

Pingamizi la kwanza liko wazi. Zoë Heger hakuzishona barua hizo kwa kuipenda fasihi. Mwaka 1844 Charlotte Brontë hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mwalimu wa zamani aliyemsumbua mume wa mtu. Mke alitunza ushahidi. Kama maneno yangeenea mjini kwamba mumewe alimchezea msichana wa Kiingereza, shule nzima ingeanguka, na barua hizo zingeonyesha kwamba maombi yalitoka upande mmoja tu. Huenda pia kulikuwa na wivu, na mwenye kovu usidhani kapoa. Yote hayo nayakubali, na kwangu yanaongeza thamani ya alichokifanya. Ushahidi wa kujikinga hutunzwa hadi hatari ipite. Hatari kwa shule ilipita, Villette ikamchafulia jina mbele ya wasomaji wa Ulaya, Gaskell akabisha hodi mlangoni, na Bi. Heger alikuwa na nafasi ya kulipiza kisasi kwa kuzitoa hadharani au ya kujipumzisha kwa kuzichoma. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimrithisha binti yake. Nia iliyomwanzisha mtu katika kazi fulani haifuti thamani ya kazi hiyo, na hatuwapimi wachapishaji au wasomi kwa usafi wa nia zao kabla ya kuwashukuru.

Charlotte mwenyewe alikuwa na mtunzaji mwingine, naye pia alikataa amri ya moto. Alipoolewa na kasisi Arthur Bell Nicholls mwaka 1854, mumewe aliona anamwandikia rafiki yake wa utotoni, Ellen Nussey, bila kujizuia. Nicholls alidai Ellen aahidi kwa maandishi kwamba atazichoma barua zote, la sivyo angekuwa akizikagua kabla ya kutumwa. Ellen aliandika ahadi, akaiwekea sharti: na yeye asizikague. Baadaye alishikilia kwamba sharti halikutimizwa, hivyo ahadi ilikuwa imevunjika. Mamia ya barua alizozihifadhi ndiyo nguzo ya kila wasifu wa Charlotte tangu Gaskell hadi leo. Ellen angetii mapenzi ya mume huyo, tungebaki na riwaya 4 na picha ya mwanamke asiye na sauti ya kila siku. Na mwisho wa Ellen unafundisha pia. Akiwa mzee, mwaka 1895, aliziuza barua hizo akiamini zingehifadhiwa pamoja kwenye makumbusho ya taifa. Mnunuzi, Thomas J. Wise, alizitawanya kwa kuziuza kwa wakusanyaji mbalimbali, na wahariri wamehangaika tangu hapo kuzikusanya tena.

Jina la Wise linaleta pingamizi la pili, ambalo ni zito zaidi. Karatasi, mtu atasema, ni bubu. Mtunzaji bila msomi ni ghala tu, tena ghala linaloweza kujazwa uongo. Wise aliheshimiwa kama mkusanyaji mkuu wa vitabu wa Uingereza, na miongoni mwa hazina alizozitangaza kulikuwa na kijitabu cha mashairi ya mapenzi ya mshairi Elizabeth Barrett Browning, kilichodaiwa kuchapishwa katika mji wa Reading mwaka 1847, miaka 3 kabla ya mashairi hayo kutoka hadharani. Kikaambatana na kisa kitamu cha mke anayempa mumewe tungo hizo kwa aibu na kukimbia chumbani. Mwaka 1934 vijana wawili wafanyabiashara wa vitabu, John Carter na Graham Pollard, walichapisha uchunguzi wao. Waliipima karatasi na kukuta ndani yake nyuzi za mti zilizolainishwa kwa kemikali, ambazo watengenezaji karatasi wa Uingereza hawakuwa wakizitumia mwaka 1847. Umbo la baadhi ya herufi nalo lilikuwa la miaka ya baadaye. Kijitabu kilikuwa cha kughushi, pamoja na vingine vingi vilivyopitia mkononi mwa Wise. Hapa msomi ndiye aliyeokoa ukweli, na mapenzi matamu ndiyo yaliyokuwa chambo.

Nakubali kwamba msomi ni wa lazima. Lakini ushindi wa Carter na Pollard unathibitisha hoja yangu kwa njia ya kinyume. Kijitabu cha Reading kilikosa mtu yeyote aliyeweza kuonyesha mnyororo wa mikono uliokileta. Kilizuka tu sokoni, na ndiyo maana maabara ilihitajika. Linganisha na barua halisi za mapenzi za Elizabeth Barrett na Robert Browning. Zilianza Januari 1845, wakati Robert alipomwandikia kwa mara ya kwanza mwanamke mgonjwa aliyefungiwa na baba asiyetaka mtoto wake yeyote aoe au aolewe, zikaisha Septemba 1846 walipooana kwa siri London na kukimbilia Italia. Ziko 573. Barua moja tu tunajua kwamba iliangamizwa makusudi: ile ambayo Robert aliiandika haraka mno baada ya kuonana naye kwa mara ya kwanza Mei 1845, akarudishiwa, na kuiharibu mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho Robert alichoma sehemu kubwa ya barua za watu wengine, lakini hizi aliziacha na kumwachia mwanawe aamue. Mwana alizichapisha mwaka 1899. Kutoka mkono hadi mkono njia yake inajulikana, na leo zimo katika Chuo cha Wellesley, Marekani. Hazikuhitaji maabara kuaminiwa, kwa sababu zilikuwa na watunzaji. Msomi huthibitisha na kufafanua. Anachokifafanua lazima kwanza kiwe kimeponea moto.

Pingamizi la tatu linasema kwamba mengine yaliokolewa kwa bahati tu. Mfano mzuri ni William Wordsworth. Kwa zaidi ya karne moja wasomaji walimjua kama mshairi mtulivu wa milima na maziwa. Kisha mtafiti wa Marekani George McLean Harper na Mfaransa Émile Legouis, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1922, waliwaeleza kwamba alipokuwa Ufaransa wakati wa Mapinduzi alimpenda Annette Vallon, na kwamba binti yao Caroline alizaliwa Orléans Desemba 1792. Vita vilikata mawasiliano, na barua ambazo Annette aliandika Machi 1793, moja kwa William na moja kwa dada yake Dorothy, zilizuiwa na maofisa wa Ufaransa na kusahaulika katika nyaraka za Blois. Dola iliyozizuia haikuwa na mpango wa kuhudumia fasihi. Hilo ni kweli, na bahati inastahili nafasi yake katika hesabu. Tazama lakini kipimo chake: bahati ilituachia barua mbili tu za mwanamke aliyesubiri miaka 10, hadi William na Dorothy walipokutana naye Calais Agosti 1802, miezi miwili kabla William hajamwoa Mary Hutchinson. Upande wa Wordsworth hatuna jibu lolote kwa barua hizo. Bahati huacha makapi, mtunzaji huacha mavuno.

Na pale ambapo hapakuwa na mtunzaji kabisa, msomi mwenye akili nyingi kuliko wote hubaki akipapasa. Septemba 1860 Charles Dickens alichoma barua alizopokea kwa miaka 20 katika uwanja wa nyumba yake ya Gad's Hill, watoto wake wakisaidia kubeba makapu. Alikuwa ametengana na mkewe Catherine miaka miwili kabla, na maisha yake yalikuwa yamefungamana na mwigizaji kijana, Ellen Ternan. Hakuna barua hata moja kati ya wawili hao iliyopatikana. Maelfu ya barua zake kwa watu wengine zipo, kwa sababu zilikuwa mikononi mwa watu asioweza kuwaamuru. Mwaka 1990, mwaka uleule ambao Byatt alitoa riwaya yake, Claire Tomalin alichapisha wasifu wa Ternan ambao ni kazi bora ya upelelezi wa kihistoria. Alitumia daftari dogo la mfukoni la Dickens la mwaka 1867, ambalo lilipotea akiwa ziarani Marekani na hatimaye likaingia Maktaba ya Umma ya New York, lenye safari za treni zilizoandikwa kwa vifupisho. Kwa hayo tunajua alikwenda wapi na siku gani. Alichokisema Ternan, au alichokihisi, hatujui, na hakuna werevu utakaoturudishia.

Limebaki swali la haki, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusome kabisa? Charlotte aliandika kwa mtu mmoja, na mtu huyo akachana. Filamu inalijua swali hili. Inatuonyesha Mortimer Cropper, mkusanyaji tajiri anayefukua kaburi la Ash apate sanduku lililozikwa naye, tendo linalomkumbusha msomaji wa historia ya Dante Gabriel Rossetti, aliyezika daftari la mashairi yake pamoja na mkewe Elizabeth Siddal mwaka 1862, kisha akaruhusu jeneza lifunguliwe katika makaburi ya Highgate mwaka 1869 ili alipate tena. Kuna tofauti kati ya kufukua na kupokea. Familia ya Heger ilisubiri hadi Charlotte, mumewe Nicholls aliyefariki mwaka 1906, na wazazi wao wote wawili wawe wameondoka duniani. Hawakuuza. Hawakumpa mkusanyaji binafsi, walitoa kwa umma. Zaidi ya hapo, uamuzi wao ulimtendea Charlotte haki: ulikomesha minong'ono ya uzinzi kwa kuonyesha kwamba aliumia tu na hakumkosea mtu. Mtunzaji mwema huamua nini kihifadhiwe, na huamua pia lini na kwa nani kitolewe. Lavinia Dickinson wa Amherst alilijua hilo pia: dada yake, mshairi Emily, alipofariki mwaka 1886, alizichoma barua alizopokea Emily kama alivyoagizwa, lakini alipokuta mamia ya mashairi ambayo hakuwa na agizo juu yake, alipigania yachapishwe.

Kwa mwanga huu, mhusika mwenye uzito mkubwa katika Possession ni yule ambaye kamera humpitia haraka: Ellen, mke wa Ash. Christabel anamwandikia Ash anayekaribia kufa, akimweleza habari za binti yao. Barua inaangukia mikononi mwa Ellen. Hamsomei mumewe, hamfungulii, na pia haichomi. Anaizika pamoja naye ndani ya sanduku. Ugunduzi wa mwisho wa Roland na Maud, yaani habari kwamba Maud mwenyewe ni kizazi cha wapenzi hao, unaning'inia kwenye uamuzi huo wa mke aliyekosewa. Byatt, aliyesema kwamba wazo la riwaya lilimjia alipomtazama msomi Kathleen Coburn akifanya kazi juu ya mshairi Coleridge katika maktaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, alimpa Ellen nafasi pana zaidi kitabuni, pamoja na shajara yake. Filamu ilimpunguza ili wapenzi wapate muda. Ilipaswa kumwongezea. Isitoshe, Byatt aliongeza mwishoni tukio ambalo filamu ililihifadhi: Ash anakutana na binti yake mdogo shambani, anamtambua, na ujumbe anaoutuma kwa mama wa mtoto haufiki. Wasomi wote wa kisa hicho wanabaki wakiamini kwamba hakujua. Hapo msanii anakiri kile ambacho mwanahistoria hulazimika kukiri: pasipo na mtunzaji, hata kweli iliyo kubwa hupotea bila kuacha pengo linaloonekana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya fasihi, hata hivyo, huwekwa na watu, na watu hao wana majina. Katika vitabu vingi vya historia ya fasihi Constantin Heger ana kurasa nyingi kwa kuwa alipendwa, Gaskell ana sura nzima kwa kuwa aliandika, na Zoë Heger ana sentensi moja, mara nyingi ya kumlaumu. Hesabu hiyo inapaswa kubadilishwa. Kila toleo la Villette linaloeleza chimbuko lake limeandikwa kwa kibali cha mwanamke aliyedhihakiwa humo. Kila wasifu wa Charlotte umeegemea rafiki aliyekataa amri ya mume. Anayeandika historia ya waandishi ana wajibu wa kueleza karatasi ilipitia mikono ya nani, kwa gharama gani, na kwa nini haikuchomwa, kwa sababu maelezo hayo ni sehemu ya ushahidi wenyewe: yanatuambia nini kilichaguliwa, nini kilizuiwa, na ni nani aliyekuwa na haki ya kunyamaza lakini akachagua kutunza. Filamu inayofuata kuhusu wasomi na siri za washairi ingefanya vyema kumweka mtu huyo katikati ya kisa. Yeye ndiye aliyefanya jambo gumu kuliko yote, naye alilifanya bila kutazamwa na mtu yeyote.